Kahawa Isiyokatwa Msibani

Mimi niliolewa kwa kahawa ya mke mwenzangu. Nasema wazi, maana kijiji chetu kizima cha Megavi kinajua, na anayetaka kucheka acheke. Gimiseve alipotaka mke wa pili hakuwa na nguruwe hata mmoja wa kuonyesha watu. Alichokuwa nacho ni mke wa kwanza, Anuma, mwenye mibuni mia nne chini ya mivinje, na kahawa ya msimu ule ndiyo iliyonunua nguruwe sita waliopelekwa kwa baba yangu. Anuma aliichuma, akaimenya, akaiosha mtoni, akaianika, akaibeba mgongoni mpaka barabarani. Kisha akaja kunipokea mlangoni.

Mnadhani alinipokea kwa vigelegele? Thubutu! Alinitazama toka utosini mpaka unyayoni, akaukamata mkono wangu, akaugeuza kiganja juu.

"Magunia kumi na moja," akasema, "na kiganja laini kama cha mtoto mchanga. Haya, ingia, Izuwe. Kazi ipo."

Tulipigana mara mbili. Mara ya kwanza aliniacha na upara wa nyuma ya sikio, mara ya pili nikamtoa jino la mbele, na Gimiseve akakaa juu ya ua akitucheka kama anayetazama majogoo. Siku ya pili yake Anuma alinifuata mtoni, mdomo umevimba, akaniambia, "Mdogo wangu, huyu mwanamume anafurahi mno. Tumnyime hiyo raha." Tukamnyima. Msinielewe vibaya, hatukupendana siku ile. Ila tulianza kufanya kazi pamoja, na mtu mnayechuma naye kutwa mti mmoja, yeye upande huu na wewe upande ule, ni vigumu kumchukia kutwa nzima.

Ndipo nikaijua habari ya mibuni ile. Nilikuwa nadhani, kama kila mtu alivyosema, kwamba ni kahawa ya Gimiseve. Kumbe ilipopandwa Gimiseve hakuwepo! Alikuwa pwani kwenye mashamba ya minazi ya Wazungu, kwa mkataba wa miaka miwili uliogeuka mitatu, na Anuma aliachwa bibi harusi wa miezi minne. Akavuka mto kwenda kwao, akaomba miche kwa baba yake, akairudisha ndani ya bilum, mkoba wetu wa kamba tunaoutundika kichwani, mizizi imefungwa majani ya migomba. Safari baada ya safari, mvua ya mlimani inampiga. Mivinje alikuwa ameshaitanguliza mwaka mmoja nyuma, maana mbuni usio na kivuli huzaa kwa pupa miaka michache halafu hunyauka.

Wanaume walimcheka sana. Kwetu mvinje hupandwa na mwanamume, ndiyo namna yake ya kusema hapa ni pangu. "Mke wa Gimiseve kaota ndevu!" walimwita wakipita. Yeye akaendelea kuchimba mashimo.

Sasa, ardhi kwetu ni ya ukoo, hilo halina mjadala. Lakini mti ni wa aliyeupanda, hata ukisimama kwenye ardhi ya mtu mwingine. Mtoto mdogo anajua hilo. Gimiseve aliporudi kutoka pwani alikuta mibuni imemfika kiunoni. Akaizunguka mara moja, akatema mate, akasema, "Eh, kahawa yangu imekua." Basi. Tangu hapo ikawa kahawa ya Gimiseve midomoni mwa watu, na hata magunia yaliandikwa jina lake.

"Dada, mbona ulinyamaza?" nilimwuliza siku moja tukiwa kwenye mashine ya kumenya.

"Jina halimenyi kahawa," akasema, akaendelea kuzungusha mpini.

Mimi jibu hilo lilinikera. Ningekuwa mimi ningepiga kelele mpaka mjini Goroka wasikie. Lakini Anuma alikuwa mtu wa kunyamaza, na ukali wake wote aliuweka shambani. Huko alikuwa hakimu, askari na mchungaji. Ukichuma buni ya kijani alikuchapa kidole: "Hiyo bado inanyonya, iache kwa mama yake!" Maganda tuliyomenya lazima yarudi shinani, hata kama mgongo unakuuma. Majani ya mivinje yakidondoka hakuna kufagia. Jirani walipokata mivinje yao wakauza nguzo, walimcheka tena, mwanamke anafuga kivuli badala ya pesa. Miaka minne baadaye kahawa yao ilikuwa ya manjano kama mgonjwa wa ini, na wao wakawa wanapita kwetu kuomba miche. Aliwapa. Mimi nisingewapa.

Dawa za kunyunyizia hakuzitaka kabisa. Kijana mmoja wa mjini alikuja na bomba mgongoni akamweleza jinsi dawa inavyoua kila mdudu. Anuma akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Na mimi ninayeosha kahawa hiyo kwa miguu, nina mifupa ya chuma?"

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Dorin. Mimi sikujaliwa. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu na mwanamume mmoja, na hakuna mtoto wa kiume wa kusimama siku ya maneno. Hilo nililifikiria mara nyingi nikiwa nimelala, kisha nikajifariji kwamba Gimiseve ana kifua cha ng'ombe.

Kifua hichohicho ndicho kilichomwua. Alikohoa wiki tatu, akaenda. Ilikuwa mwanzo wa kuchuma, buni ndiyo kwanza zinageuka rangi.

Kwetu mtu akifa, ndugu zake hawaombolezi kwa machozi peke yake. Wanajipaka udongo, wanachukua mashoka, wanakwenda kukata alichokipanda kwa mkono wake, migomba, miwa, ua, vyote, ili asije mwingine akala jasho lake na yeye yuko udongoni. Ukiuacha mti wa marehemu umesimama umesema moja kati ya mawili. Ama haukuwa wake, ama hukumpenda.

Aliyeongoza mashoka ni Hunapi, mdogo wake Gimiseve, baba mmoja mama mmoja. Alilia yule bwana! Alikata migomba yote mpaka uwanja ukawa maji ya utomvu. Akakata miwa, akabomoa ua, akapanda kilimani akaangusha mikadi, miti yetu ya njugu, ambayo Gimiseve aliipanda akiwa kijana. Watu walisema, huyo ndiye ndugu. Anuma alikuwa ndani, ameketi kichwani pa maiti, udongo mweupe umemfunika mpaka kope, haoni kitu.

Mimi niliona. Nilitoka kuchota maji, nikapita nyuma ya shamba la kahawa, nikamwona Hunapi anakuja mbio na vijana watatu nyuma yake. Akafika kwenye mbuni wa kwanza, akanyanyua shoka juu. Halafu akalishusha taratibu. Akakamata tawi lililojaa buni, akalipima kwenye kiganja kama mtu anayepapasa mgongo wa nguruwe kutafuta mafuta. "Hii acheni," akawaambia vijana. "Twendeni kwenye mikadi." Na palepale kilio kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza.

Niliingia na maji yangu, nikakaa, nikalia na wenzangu. Sikusema neno.

Miezi mitatu haijaisha, udongo wa ujane bado uko usoni mwetu, Hunapi akaja na maneno. Kahawa ya kaka yake inarudi kwa ukoo, yaani kwake. Anuma anashukuriwa kwa kuitunza, na sasa anaweza kurudi kwao ng'ambo ya mto. Kwao wapi? Baba yake alikwisha kufa, kaka zake walikwisha kufa, na kiwanja chao kimejaa watoto wa watu wasiomjua. Mwanamke wa miaka arobaini avuke mto na bilum tupu kichwani na binti yake mkononi! Anuma hakubishana naye. Alikwenda kwa Kapito, hakimu wa kijiji, akaomba baraza.

Jioni moja kabla ya baraza Hunapi alinikuta peke yangu kwenye viazi. Alikuwa na mguu wa nguruwe umefungwa majani, umetoka kwenye mawe ya moto sasa hivi.

"Shemeji, wewe bado kijana," akaniambia. "Wewe hufukuzwi na mtu. Utabaki, utachuma, utakula. Nataka kesho nikikuuliza neno uitikie tu. Kazi ndogo."

"Neno gani?"

"Utalijua nikikuuliza."

Sikukubali. Sikukataa pia. Nilichukua ile nyama, nikaila yote peke yangu nyuma ya kibanda cha viazi, nikafuta mikono kwenye nyasi. Aibu ile ninayo mpaka leo. Asubuhi Anuma alinipa kiazi cha moto, akasema, "Kula, baraza ni refu." Nikasema nimeshiba. Akanusa hewani kidogo.

"Ilikuwa na mafuta?" akaniuliza.

Nikatamani ardhi ipasuke. Anuma alivaa bilum yake akatangulia.

Watu walijaa mpaka juu ya ua wa kanisa. Kapito aliketi kwenye benchi, jicho moja limezibwa na mtoto wa jicho, lile jingine linatosha watu wawili. Hunapi akasimama. Simwonei wivu kwa jambo lolote ila ulimi. Alijua kusema.

"Wazee wangu, nani hapa amewahi kusikia 'kahawa ya Anuma'? Asimame! Dereva wa gari la mizigo, ulikuwa unabeba magunia ya nani? Ya Gimiseve. Mnunuzi alikuwa akimwita nani? Gimiseve. Shemeji yangu namheshimu, ametunza mali ya kaka yangu vizuri. Lakini mtunzaji hupewa ahsante, hapewi mali. Nimekosea?"

"Hujakosea," wengi wakaitikia.

Kapito akamgeukia Anuma. "Mama, unadai ulipanda wewe. Aliyekuona ni nani?"

"Walioniona walinicheka," Anuma akasema. "Wengine wamekufa. Wengine wamekaa pale." Akawaonyesha kwa kidevu wazee wa ukoo. Hakuna aliyeinua uso. Mmoja alianza kufunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havina kamba.

"Sasa una nini, kama shahidi huna?"

"Nina swali kwa shemeji yangu."

"Uliza."

Anuma alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikawabidi watu wanyamaze.

"Shemeji, siku ya msiba ulikata migomba ya kaka yako?"

"Nilikata."

"Miwa?"

"Nilikata! Nililia mpaka sauti ikakauka, nyote mnajua."

"Na mikadi?"

"Yote. Na ua pia. Unataka nikuhesabie vijiti?" Watu wakacheka, naye akacheka.

"Na kahawa?"

Kicheko kikakatika. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema "Lo!" kwa sauti ya chini. Kijiji kizima kilikuwa kimepita pale miezi mitatu, kimeiona mibuni imesimama, na hakuna aliyejiuliza. Miezi mitatu Anuma naye alikuwa akiitazama kila asubuhi, udongo usoni, amenyamaza.

Hunapi alijilamba midomo. "Hatukukata kwa sababu tuliombwa," akasema. "Izuwe alitoka nje akatulilia, acheni kahawa, mtoto atakula nini. Tukamhurumia." Akanigeukia. "Si ndiyo, Izuwe?"

Kumbe ndilo neno lenyewe. Alilisema huku akitingisha kichwa, kama mtu anayemwita mbwa aliyemlisha jana. Na kweli alikuwa amenilisha. Nikafikiria kiazi nilichokikataa asubuhi. Nikafikiria pia kwamba nikiitikia nitabaki na shamba, nitalala kwangu, na Anuma atavuka mto. Sitawadanganya, nilifikiria yote mawili. Kisha hasira zikanipanda, mimi mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli.

"Mimi sikuomba kitu," nikasema. "Nilikuwa na ndoo ya maji. Ulinyanyua shoka, ukalishusha, ukashika tawi ukalipima hivi." Nikawaonyesha kwa mkono. "Ukasema 'hii acheni.' Vijana watatu walikusikia, wako hapa. Na nyama yako nimeila, ndiyo, usinitolee macho, nimeila na nimeshiba, lakini sikukuuzia mdomo!"

Baraza likalipuka. Mmoja wa wale vijana akaulizwa, akatazama chini, akasema, "Ni kweli, alisema tuiache."

Kapito alinyanyua mkono mpaka wakanyamaza. "Hunapi," akasema polepole, "kaka yako alikuwa hajazikwa. Sasa chagua mwenyewe. Kahawa haikuwa yake, au hukumpenda."

Uso umeumbwa na haya. Nilimwona Hunapi akigeuka rangi mbele ya watu aliokua nao. Akatazama huku na huku, akanyakua shoka lililoegemezwa kwenye ua, akapiga ukelele, "Mnasema sikumlilia kaka yangu? Leo mtaniona nikimlilia!" Akatoka mbio kuelekea shambani.

Tulimfuata wote. Kumzuia haikuwezekana, mkono wa mfiwa haushikwi, ndiyo desturi. Alianzia safu ya chini, karibu na maji, iliyokuwa na mibuni mizuri kuliko yote. Ilianguka na buni zake nyekundu zikatapakaa. Dorin alipiga yowe. Anuma aliweka mikono kichwani, akasimama hivyo. Jamani, niliona shamba lote linakwenda, na ni ulimi wangu uliolipeleka.

Safu ya kwanza aliikata kwa hasira. Ya pili pia kwa hasira. Katikati ya safu ya tatu kitu kikamshika. Akaanza kuita, "Kaka! Kaka yangu! Umeniacha na nani?" na haikuwa sauti ya msibani tena, ilikuwa sauti ya mtu aliyepotea msituni. Shoka likamtoka. Akapiga magoti katikati ya matawi, akalia machozi na kamasi kama mtoto aliyechapwa. Nadhani ndiyo kwanza alikuwa amejua kwamba Gimiseve amekufa. Nilimchukia, na nililia naye.

Anuma ndiye aliyemwendea. Aliketi chini karibu naye, kwenye kahawa yake iliyokatwa, akaanza kumlilia mumewe kwa jina. Wakalia hivyo, bega kwa bega, mpaka kijiji kizima kikaketi.

Kapito alifika wa mwisho kwa sababu ya jicho lake. Akatazama mibuni iliyolala, akatazama iliyosimama. "Alichokata ni cha kaka yake," akasema. "Kilichosimama ni cha Anuma. Anayetaka kuongeza, shoka lile pale." Hunapi hakuinuka.

Hivyo ndivyo Anuma alivyobaki. Kwa safu mbili na nusu alinunua zilizosalia, na wala hakuwahi kulalamika. Hunapi hakutusemesha tena miaka yote iliyofuata. Alikuwa akizunguka njia ya kanisani, nusu saa zaidi, ili asipite mlangoni kwetu.

Sisi tukafanya kazi. Dorin alipojua kuandika akaandika ANUMA kwenye magunia kwa rangi nyeusi. Alipokuja yule mdudu anayetoboa buni, watu wakahangaika na mabomba ya dawa, na Anuma akatuinamisha chini ya kila mti kuokota buni zilizodondoka, moja moja, tukazichemsha ili mdudu afie humo. Mgongo wangu haujanyooka tangu mwaka ule. Lakini kahawa yetu ilipona, na wanunuzi wakaanza kupanda wenyewe mlimani kuja kuitazama. Mmoja alisimama mbele ya Anuma, akatazama mbali juu ya kichwa chake, akauliza mwenye shamba yuko wapi. "Katafute," Anuma akamwambia, "ukimpata uje unieleze anafananaje." Wanawake wa vijiji vingine wakaanza kuja kujifunza kwake, wake za watu wenye magunia yaliyoandikwa majina ya waume zao. Walikuwa wakimwangalia sana usoni.

Na bado! Hukumu ya baraza ni kitu kimoja, midomo ya watu ni kitu kingine. Mtu akielekeza njia husema, "Ukifika kwenye kahawa ya Gimiseve kata kushoto." Mazoea tu, hawakuwa na ubaya. Mimi nilikuwa nawakemea. Anuma alicheka, mpaka siku moja tumeketi tunachagua kahawa juani akaniambia bila kuinua macho, "Izuwe, nilikudanganya. Jina linauma. Miaka yote hii, kila wakilisema linaniuma." Nikaendelea kuchagua.

Amekufa mwaka huu mwezi wa sita, katikati ya kuchuma. Miguu ilimvimba, akalala siku tano, ya sita hakuamka. Dorin alimpaka udongo mama yake, akanipaka na mimi. Watu wakajaa. Na wote, waume kwa wake, wakawa wananitazama mimi, kwa kuwa ndugu wa damu hana, na mtu wake wa karibu nilikuwa mimi.

Nilichukua shoka. Nilikata migomba yake nikilia. Nilikata miwa yake, nikakata ua wa maua alioupanda mbele ya nyumba. Kisha nikafika kwenye kahawa, nikasimama. Dorin alikuwa amenifuata.

"Mama mdogo, nakuomba," akasema. "Mama ameishi humu maisha yake yote. Tukishakata tutakula nini?"

"Na nisipokata?"

"Usipokata si basi?"

"Nisipokata watasema haikuwa yake."

Dorin amesoma mjini, lakini ni mtoto wetu, alielewa. Watu walikuwa wamesimama njiani, wanangoja. Mibuni ilikuwa imeinama kwa uzito wa buni. Nikikata namwua mara ya pili, nisipokata namnyang'anya kwa mkono wangu mimi mwenyewe, mimi niliyekula nyama ile. Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia hata yeye, kufa na kuniachia jambo kama hili.

Ndipo watu wakagawanyika katikati, akaja Hunapi. Amezeeka, magoti yamepinda. Alikuwa amejipaka udongo mwili mzima kama afanyavyo ndugu wa damu, na shoka lake begani. Hakuniangalia. Alikwenda kwenye mbuni wa kwanza penye lango, mkubwa kuliko yote, akaanza kuukata. Alichukua muda mrefu, akipumzika, akikohoa, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ulipoanguka akawageukia watu.

"Mbuni huu ni wa nani?"

Watu wakatazamana.

"Nimeuliza! Nimemkatia nani?"

"Anuma," sauti moja ikasema.

"Sisikii!"

"Wa Anuma!"

"Na ule pale?" Akaunyoshea shoka.

"Wa Anuma!"

"Na ule?"

"Wa Anuma!" Wakaitikia kijiji kizima, wazee, wanawake, watoto waliokuwa hawajazaliwa siku ya baraza. Akaenda nao hivyo, mti baada ya mti, safu baada ya safu, wakiitikia, mpaka sauti yake ikakauka kweli. Kisha akaketi kwenye ule mbuni ulioanguka.

"Weka shoka chini, shemeji," akaniambia. "Siku ile niliiacha kwa tamaa. Leo naiacha kwa kuwa wote wamesema ni ya nani."

Dorin alikuwa akilia kwa sauti. Miaka arobaini na zaidi Anuma alilingoja neno lile, na lilipotoka midomoni mwa watu wote yeye amelala ndani, udongo umemkauka usoni. Niliweka shoka chini, nikaingia, nikamwinamia sikioni, nikamwambia.